Sinki, Sumaku na Chuma Kinachovimba

Mama mmoja mwenye mkahawa hapa Mombasa alikuja karakanani asubuhi moja akiwa na sumaku mkononi, ile ndogo ya kubandika picha kwenye friji. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemfungia masinki mawili ya stenlesi jikoni kwake. Nilimkaribisha kiti, hakuketi.

"Fundi," alisema, "mimi na wewe tunaheshimiana, ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikutuma mtu. Stenlesi uliyonipa siyo yenyewe."

Shemeji yake alikuwa amemwambia kwamba stenlesi ya kweli haishiki sumaku. Basi akaijaribu. Chini ya bakuli la sinki, pale palipo bapa, sumaku iliteleza ikaanguka. Lakini kwenye kona, pale bati linapopinda kwa ghafla, ilishika. Haikushika kwa nguvu kama inavyoshika mlango wa friji. Ilining'inia tu, ukiigusa kwa kidole inaachia. Ila ilishika, na kwake huo ulikuwa ushahidi tosha.

Nilichukua sumaku yake nikaiweka juu ya bati zima ambalo lilikuwa bado halijakatwa, lenye nambari 304, yaani aina ya stenlesi, iliyochapwa na kiwanda. Ikaanguka. Nikakata ukanda mwembamba kutoka bati lilelile, nikaubana kwenye jiliwa, nikaukunja huku na huku mara kadhaa mbele ya macho yake, kisha nikamrudishia sumaku ajaribu mwenyewe pale kwenye mkunjo. Ikashika.

"Mama, ni bati lilelile. Kilichobadilika ni kule kukunjwa."

Aliniamini kwa sababu aliona. Mimi ndiye niliyebaki na swali. Nimefanya kazi ya stenlesi zaidi ya miaka ishirini, najua kwa mikono kwamba bati likipindwa linakuwa gumu na kona zake zinaanza kuvuta sumaku, lakini sikuweza kueleza mpaka mwisho kwa nini. Usiku ule nikaanza kusoma, na kusoma kule kukanifikisha mahali ambapo sikupatarajia kabisa: ndani ya vinu vya nyuklia. Huko nilikutana na nambari ninayoijua vizuri, 316. Hapa pwani, hoteli iliyo karibu na maji hatuifungii 304 kwa nje. Tunatumia 316, kwa kuwa ina molibdeni asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayozuia chumvi ya bahari isiichimbe. Chuma hichohicho cha kushikilia ngazi za bwawa la kuogelea ndicho kilichochaguliwa kubeba fueli ya nyuklia. Na kilichaguliwa kikiwa kimefuliwa baridi, yaani kimevutwa na kubanwa bila moto, kama ile kona ya sinki.

Tangu hapo jambo hili halijaniachia. Nataka kulieleza kama nilivyolielewa.

Nianzie Lamu. Babu yangu mzaa mama alikuwa sonara. Likizo za shule nilikuwa nikikaa naye, na kazi niliyoipenda kuitazama ni kuvuta waya wa fedha. Alikuwa na bamba nene la chuma lenye matundu yaliyopangwa kutoka kubwa kwenda dogo. Anachonga ncha ya waya, anaipenyeza tunduni, anaikamata kwa koleo upande wa pili, anavuta kwa mwili mzima. Waya unatoka mwembamba kidogo na mrefu kidogo. Tundu linalofuata, vilevile. Baada ya matundu matatu au manne waya unageuka mkaidi: ukiupinda unaruka na kurudi, ukiulazimisha unakatika. Hapo babu anauviringisha kama kata ya kichwani, anauweka juu ya makaa, anapuliza taratibu mpaka fedha inaiva wekundu hafifu, anauzamisha majini. Ukitoka majini ni laini, unaweza kuufunga fundo kama uzi.

"Ulikuwa umejaa," aliniambia mara moja. "Moto umeutapisha."

Sikuelewa umejaa nini. Sasa naweza kusema.

Ndani ya chuma atomu zimejipanga safu kwa safu. Picha inayonisaidia mimi ni msikiti siku ya Ijumaa: bega kwa bega, safu nyuma ya safu, zimenyooka. Sasa chukulia kwamba katikati ya safu mbili kamili kuna safu moja iliyoanzia ukutani ikaishia katikati ya msikiti. Upande mmoja ukihesabu utapata safu kumi na moja, upande wa pili kumi. Pale ile nusu safu inapoishia, watu wa safu za jirani wamejipinda kidogo ili kuliziba pengo, na mahali hapo pana msongamano upande mmoja na upenyo upande wa pili. Mwisho huo wa nusu safu ndio wataalamu wanauita dislokesheni. Katika chuma halisi safu ni tabaka, kwa hiyo mwisho wake ni mstari mrefu unaopita ndani ya chuma.

Chuma hupindika kwa sababu mistari hiyo inasogea. Safu nzima haitelezi kwa mpigo mmoja; ni ule mwisho wa nusu safu unaohama, hatua kwa hatua. Lakini kadiri unavyokipinda kikiwa baridi, ndivyo mistari mipya inavyozaliwa, mpaka inasongana na kufungana kama nyavu zilizotupwa rundo moja. Ikishafungana haisogei tena, na chuma kinakuwa kigumu. Huko ndiko kujaa alikokusema babu. Moto unaipa atomu nafasi ya kutembea, mistari inafutana, waya unalegea.

Wingi wa mistari hii ulinifanya nirudie hesabu mara tatu. Katika stenlesi iliyolegezwa kwa moto, kipande cha sentimita moja kila upande kinaweza kuwa na mistari ambayo ukiiunganisha inafika kilomita 1,000 hivi, kama kwenda Nairobi na kurudi. Kipande hichohicho kikifuliwa baridi vya kutosha, urefu unafika kilomita milioni moja. Mwezini ni kilomita 384,400. Maana yake ndani ya kipande unachoweza kukificha kiganjani mna mstari wa kwenda mwezini na kurudi, na bado unabaki.

Sasa tuingie kwenye kinu.

Kaskazini kabisa mwa Uskochi, kwenye pwani ya Caithness, kuna mahali panaitwa Dounreay. Waingereza walijenga hapo kinu ndani ya tufe kubwa la chuma, na mwaka 1959 kikaanza kufanya kazi. Kilikuwa cha aina ya nyutroni kasi: nyutroni, zile chembe ndogo za kiini cha atomu zinazotoka kwenye fueli, hazipunguzwi mwendo kwa maji kama ilivyo katika vinu vingi, zinaachwa na nguvu zao. Ndiyo maana kipozaji chake hakikuwa maji, kilikuwa metali ya kimiminika, mchanganyiko wa sodiamu na potasiamu. Baadhi ya fueli iliyojaribiwa humo ilifungwa ndani ya vibomba vya stenlesi.

Mwaka 1967 watafiti wawili wa Dounreay, Cawthorne na Fulton, walitangaza walichokiona walipovikata vibomba vilivyokaa ndani ya kinu na kuvichunguza kwa hadubini ya elektroni. Stenlesi ilikuwa imejaa vitundu, vingi vyake vya upana wa nanomita makumi tu, yaani ungepanga mamia na mamia kuvuka unene wa unywele mmoja. Havikuwa nyufa wala kutu. Ni uwazi mtupu katikati ya chuma kizima. Na kwa kuwa vilikuwa vingi mno, chuma chenyewe kilikuwa kimevimba. Uzito haukuongezeka hata chembe, ukubwa ndio ulioongezeka. Ukishapasua andazi ukaona lilivyo ndani, umeelewa.

Habari hiyo iliwashtua wabunifu wa vinu kote duniani, na walikuwa na haki ya kushtuka. Marekani, Ufaransa, Umoja wa Kisovieti na Uingereza zote zilikuwa zikipanga vinu vikubwa vya nyutroni kasi, na michoro yote ilichukulia kwamba chuma ukikiweka na upana fulani kitabaki na upana huo.

Vitundu vinatoka wapi? Nyutroni yenye kasi ikiigonga atomu, inaing'oa mahali pake. Atomu iliyong'olewa inaigonga ya jirani, nayo nyingine, na kwa muda mfupi usiosemeka mamia ya atomu yametawanyika. Nyingi zinarudi kwenye safu karibu papo hapo. Zinazoshindwa kurudi zinaacha vitu viwili: nafasi tupu pale zilipokuwa, na atomu iliyojibana mahali pasipo nafasi, kama mtu aliyeingia kati ya safu mbili akasimama kiubavu. Wataalamu hupima mateso haya kwa kipimo kinachoitwa dpa. Dpa 1 maana yake kila atomu ya chuma, kwa wastani, imeng'olewa mahali pake mara moja. Bomba la fueli katika kinu cha nyutroni kasi linatakiwa lifike dpa 100 na kupita. Kila atomu, mara mia moja, ndani ya miaka michache. Sijui kifaa kingine chochote kilichotengenezwa na binadamu ambacho kinadaiwa kivumilie hivyo na bado kibaki kimeshika umbo.

Kama kila aliyebanwa angekutana na nafasi tupu, mambo yangeishia hapo. Anaingia, safu inatimia. Na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Tatizo ni zile nusu safu. Atomu iliyobanwa inasukuma majirani zake, na ule upenyo kwenye mwisho wa nusu safu unaivuta zaidi kuliko unavyovuta nafasi tupu. Tofauti ya mvuto ni ndogo, lakini ipo kila sekunde. Atomu inafika, inajiunga na mwisho wa nusu safu, safu inarefuka. Zikija za kutosha, nusu safu inafika ukuta wa pili na kuwa safu kamili. Msikiti uliokuwa na safu kumi upande ule sasa una kumi na moja, na ukuta lazima usogee nje. Huku nyuma nafasi tupu zimebaki nyingi kuliko wa kuziziba. Zinatangatanga, zinakutana, zinakuwa kitundu.

Hizo ndizo pande mbili za jambo moja: safu mpya zinazosukuma chuma kitanuke, na mashimo yaliyobaki ndani.

Kuna na mshiriki wa tatu, heliamu. Nyutroni zikigonga nikeli, na boroni iliyomo kwa kiasi kidogo sana, mara mojamoja hutoa atomu ya heliamu. Gesi hiyo haipatani na chuma, inatafuta uwazi wowote ijifiche, na ikiingia kwenye kikundi cha nafasi tupu inakishikilia kisiporomoke. Ni kama mtu aliyeweka mguu mlangoni. Stenlesi tunayoitumia ina nikeli nyingi, kati ya asilimia 10 na 14 kwa 316, na ndiyo inayoifanya isishike sumaku. Nikeli nitairudia.

Joto nalo lina neno. Kukiwa na baridi sana nafasi tupu haziwezi kutembea. Kukiwa na moto sana zinatawanyika zenyewe, vitundu havikai. Hatari iko katikati, takriban kati ya nyuzi 350 na 700 za Selsiasi, ikiwa mbaya zaidi kwenye mia nne na mia tano na kitu. Bahati mbaya hilo ndilo joto hasa ambalo kinu kinachopozwa kwa sodiamu hufanyia kazi.

Hapa ndipo ufuaji baridi unapoingia, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu nikisoma na kurudia, kwa sababu mwanzoni ilionekana haiwezekani. Nusu safu ndizo chanzo cha uvimbe. Kufua baridi kunaongeza nusu safu mara elfu. Sasa inakuwaje watu waseme kwamba chuma kilichofuliwa baridi kinavimba kidogo zaidi?

Jibu liko kwenye wingi. Nusu safu inapenda waliobanwa, ndiyo, lakini nafasi tupu nazo inazipokea. Nafasi tupu ikifika mwisho wa nusu safu, safu inafupika kwa hatua moja. Zikiwa chache, nafasi tupu inatembea mbali kabla ya kuifikia yoyote, na njiani inakutana na wenzake. Zikiwa nyingi kiasi cha kilomita milioni moja katika sentimita moja ya ujazo, hakuna anayefika mbali. Aliyebanwa anapokelewa hatua chache tu kutoka alipoanguka, nafasi tupu vilevile. Idadi ya wanaozurura wakati wowote inashuka sana, na kitundu hakizaliwi na wawili watatu waliokutana, kinataka kundi. Heliamu nayo inagawanyika kwenye mistari mingi, inabaki viputo vidogovidogo visivyo na nguvu, badala ya kukusanyika mahali pachache. Kwa hiyo chuma kisicho na nusu safu kabisa kisingevimba, na chuma chenye nusu safu nyingi mno kinachelewa kuvimba. Aliye katikati ndiye anayeumia, na stenlesi iliyolegezwa vizuri kwa moto, ile ambayo fundi yeyote angeiita safi, inaanza na mistari michache kisha mionzi inaiongezea mpaka inaifikisha hapohapo katikati.

Kiasi kilichokubalika kwa vinu vingi ni asilimia 20. Bomba linavutwa likiwa baridi kupitia tundu dogo kuliko lenyewe mpaka eneo la ukuta wake, likikatwa kwa mkato, limepungua kwa moja ya tano. Ni kazi ileile ya babu na bamba lake. Tofauti ni kwamba babu baada ya tundu la mwisho alikuwa anaurudisha waya motoni, na hapa bomba linatolewa na kupelekwa kazini likiwa bado limejaa.

Kwa nini isiwe asilimia 40? Chuma kilichojazwa sana hakina tena uwezo wa kujinyoosha kabla ya kukatika. Na mistari ikisongana kupita kiasi, inakuwa na haraka ya kufutana joto linapopanda, chuma kinajipanga upya na faida yote inapotea. Asilimia 20 ni mahali ambapo mabomba yalikuwa na nguvu, yalipindika kidogo inapobidi, na hayakusahau mapema.

Mfano mkubwa ni kinu cha nyutroni kasi kiitwacho FFTF kule Hanford, jimbo la Washington, Marekani, kilichowashwa mwaka 1980. Hakikuzalisha umeme, kazi yake ilikuwa kujaribu fueli na vyuma, kwa nguvu ya joto ya megawati 400. Fueli yake ya mwanzo ilifungwa kwa 316 iliyofuliwa baridi kwa asilimia 20. Kila bomba lilikuwa na kipenyo cha milimita 5.84, jembamba kuliko penseli, na ukuta wa milimita 0.38. Mabomba 217 yalifungwa pamoja ndani ya kasha lenye pembe sita, nalo la chuma hichohicho. Na kila bomba lilizungushiwa waya mwembamba ili yasigusane na sodiamu ipite katikati. Nimefunga mabomba mengi maishani, ya gesi, ya maji moto, ya bia; nikifikiria kulipanga kasha lile mikono inanitetemeka kwa heshima.

Ukiiona picha hiyo utajua kwa nini uvimbe ni balaa. Chukua kasha. Chuma kikivimba kwa ujazo asilimia 30, kila upande umerefuka kwa takriban asilimia 9. Fungu lililopangwa kwa kupishana milimita chache halina pa kwenda. Na halivimbi sawasawa: ubavu unaoelekea katikati ya kinu unapigwa na nyutroni nyingi kuliko ubavu wa nje, kwa hiyo upande mmoja unarefuka kuliko mwingine na kasha linapinda kama ndizi. Makasha yanabanana, na siku ya kubadilisha fueli mashine inavuta, kasha halitoki.

Kwa 316 iliyofuliwa baridi, balaa hilo lilisogezwa mbele kwa makumi ya dpa. Lilisogezwa tu, halikuondolewa. Nimeona maandishi yanayolitaja hili kwa kejeli, kwamba ufuaji baridi ulichelewesha tu, na sikubaliani nayo hata kidogo. Kuchelewesha ndiko kulikoviwezesha vinu vifanye kazi. Fueli ikitoka kinuni kabla chuma hakijaanza kuvimba, kwake yeye chuma hakikuvimba.

Lakini ni lazima kueleza kwa nini kinachelewa tu. Frank Garner, mtafiti wa Marekani aliyefanya kazi Hanford kwa miaka mingi, alikusanya vipimo vya stenlesi za aina hii na kuonyesha kwamba muda wa kungoja ndio unaotofautiana. Chuma kimoja kinangoja sana, kingine kidogo, kulingana na ufuaji, joto na viungo. Kungoja kukiisha, vyote vinaelekea mwendo mmoja: takriban asilimia 1 ya ujazo kwa kila dpa. Chuma kilichofuliwa na ambacho hakikufuliwa, mwishoni wanakwenda sambamba.

Sababu yake ndiyo iliyonigusa kuliko yote. Mionzi inaifuta ile kazi ya mikono. Chuma kilicholegezwa kinaanza na mistari michache, atomu zinazobanwa zinajikusanya na kutengeneza mipya, idadi inapanda. Chuma kilichofuliwa kinaanza na mistari mingi, mistari inahama na kufutana, idadi inashuka. Mmoja anapanda ngazi, mwingine anashuka, wanakutana ngazi ileile. Baada ya hapo ukipewa kipande huwezi kujua kipi kilivutwa na kipi hakikuvutwa. Muda ule wa kungoja, kwa sehemu kubwa, ni muda ambao chuma bado kinakumbuka tundu lililokibana.

Ndiyo maana mafundi wa vyuma hawakuishia kwenye kuvuta. Waliongeza titani kidogo, ambayo inajishika na kaboni na kutengeneza chembechembe ndogo mno juu ya mistari. Chembe hizo zinaishikilia mistari isifutane haraka na zinaikamata heliamu. Wafaransa walilitumia wazo hilo katika kinu chao cha Phénix, kilichofanya kazi kuanzia mwaka 1973 hadi 2009, kwa stenlesi yenye kromi asilimia 15, nikeli asilimia 15 na titani, ikiwa imefuliwa baridi. Wahindi kule Kalpakkam wamechagua chuma cha ukoo huohuo kwa kinu chao kikubwa cha nyutroni kasi, nacho kimevutwa baridi kwa asilimia 20. Wengine walihama kabisa, wakachukua vyuma vya kromi vyenye nikeli kidogo sana, ambavyo atomu zake zimepangwa kwa mtindo mwingine na havivimbi kirahisi. FFTF yenyewe ilivijaribu kabla ya kuacha kazi mwaka 1992, navyo vilivumilia mbali kuliko 316. Ni vyuma vinavyoshika sumaku siku zote, bila kungoja kukunjwa.

Ni sumaku tena, na hapo narudi kwenye nikeli.

Aktau, mji wa Kazakhstan kando ya Bahari ya Kaspi, ulikuwa na kinu kiitwacho BN-350, kilichofungwa mwaka 1999. Kilitoa umeme na pia kilisafisha maji ya chumvi yawe ya kunywa. Watafiti wa Almaty walichukua vipande vya stenlesi vilivyotoka ndani ya kinu hicho, wakavivuta polepole kwenye mashine, na huku wanavivuta wakavipima usumaku. Usumaku ulikuwa ukipanda pale chuma kilipokuwa kikirefuka. Ni jambo lilelile lililotokea kwenye jiliwa langu mbele ya yule mama: stenlesi ikivutwa kwa nguvu, sehemu ya safu zake zinageuka mpangilio mwingine uitwao martensaiti, na huo unashika sumaku. Nikeli ndiyo inayozuia mgeuko huo. Iliyo na nikeli ya kutosha, kama 316, inakataa kwa muda mrefu. 304 inakubali mapema.

Sasa, katika chuma kilichovimba nikeli inahama. Inajikusanya kwenye kingo za vitundu, na chuma kilicho kati ya kitundu na kitundu kinabaki na nikeli pungufu. Kikipata mvuto kidogo, kinageuka. Hiyo ni sababu mojawapo iliyoonekana ya kwamba stenlesi ikivimba kupita takriban asilimia 10 inapoteza sifa tunayoinunulia. Haijikunji tena, inapasuka kama kigae. Chuma ambacho siku ya kwanza ungekizungusha kwenye goti kinavunjika kwa kushikwa vibaya na mkono wa mashine.

Jioni moja nilikuwa nikimsimulia haya kijana ninayemfundisha kazi. Alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo hata mimi sikuwa nimelifikiria siku ile ya yule mama.

"Fundi, ule mkunjo wa siku ile tukiupasha moto, sumaku itaendelea kushika?"

Ukanda wenyewe ulikuwa bado umening'inia msumarini ukutani, umejipinda kama nilivyouacha. Nikamwambia awashe bomba la gesi ya kuunganishia. Akaubana ukanda kwa koleo, akauelekeza moto kwenye mkunjo mpaka ukawa wa machungwa na kingo zikaanza kuwa na ukungu wa buluu. Tukaungoja. Akauzamisha kwenye ndoo, ukachemka kidogo ukanyamaza. Akaupangusa kwa kitambaa, akauweka kwenye meza ya mbao akauegemeza kwa kidole, akaipeleka sumaku taratibu pale pale ilipokuwa ikining'inia wiki zile.

Ikaanguka mezani. Akaiokota, akajaribu tena, ikaanguka tena. Kisha akaurudisha ukanda kwenye jiliwa na kuanza kuukunja upya, akihesabu kwa sauti, ili ajue ni mkunjo wa ngapi utakaoishika.